Mama kuombwa kuingia kwenye utafiti wa dawa za presha: nani anausimamia?

Pole na wasiwasi, ndugu yangu. Umeuliza kama mama yako akubali kujaribiwa dawa mpya ya presha, na kama serikali inaujua utafiti huo. Kabla hajatia saini, omba kuona kibali cha maadili. Hapa Tanzania kwa utafiti wa ngazi ya taifa kinatolewa na kamati ya maadili iliyo chini ya NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya 1979. Majaribio ya dawa yanahitaji pia idhini ya TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Wakikosa karatasi hizo, mrudishe mama nyumbani.

Uliza pia kama ipo bodi huru inayopitia takwimu utafiti ukiendelea. Hili watu hulisahau, nami naliona kubwa kuliko yote. Marekani, utafiti wa SPRINT ulikuwa na watu zaidi ya 9,300. Nusu walishushwa namba ya juu ya presha hadi chini ya 120, wengine chini ya 140. Bodi ilipoona kundi la kwanza linapata nafuu kubwa ya moyo na vifo vichache, mwaka 2015 jaribio la kulinganisha matibabu hayo likasitishwa kabla ya muda. Lakini kundi hilohilo lilipata zaidi kuzimia na matatizo ya figo, kwa hiyo mama apimwe figo mara kwa mara.

Asiache dawa zake za sasa bila daktari wake kujua. Na ana haki ya kujitoa siku yoyote, bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida.