Rais wa nchi zaidi ya moja
Je, yupo mtu aliyewahi kuwa rais wa nchi zaidi ya moja? Yupo, tena aliongoza nchi tatu kwa mpigo: Simón Bolívar, mpigania uhuru wa Amerika Kusini. Mwaka 1825 alikuwa rais wa Colombia (ile kubwa, yenye Venezuela na Ecuador za leo ndani yake), mtawala mwenye mamlaka yote Peru, na rais wa kwanza wa Bolivia, iliyopewa jina lake. Bolivia aliishika miezi michache tu, akamwachia jenerali wake, Sucre. Mzee Mwinyi, ambaye wengine humtaja kama jibu, ana utata: aliongoza Zanzibar 1984–85 kisha Muungano, lakini Zanzibar ilikuwa tayari ndani ya Jamhuri hiyohiyo. Mikheil Saakashvili, ambaye naye hutajwa, mtoeni kabisa. Georgia alikuwa rais kweli, ila kule Odesa, Ukraine, alikuwa gavana wa mkoa tu.