Ukitaka Kumjua Kamba Mweupe, Anzia Kwenye Mikoko

Kwa yeyote anayetaka kumchunguza kamba mweupe, ambaye wanasayansi humwita Penaeus indicus, ushauri wangu ni kwamba aanzie kwenye vijito vya mikoko kabla ya kufikiria bahari iliyo wazi. Kamba mzima huishi na kutaga baharini, kwenye sakafu ya tope au mchanga, hata katika kina cha mita 90, lakini hukulia katika maji ya milango ya mito, na ndiyo maana delta ya Rufiji nchini Tanzania na ghuba ya Ungwana nchini Kenya zinajulikana kwa kamba.

Jike huachia mayai yake majini moja kwa moja, kwa maelfu mengi, wala hayabebi chini ya tumbo kama wafanyavyo kamba wa jamii nyingine. Mayai huanguliwa ndani ya siku moja hivi. Lava, yaani kiluwiluwi anayetoka yaini, mwanzoni hali chochote, hutegemea kiini cha yai. Baadaye hula mimea midogo inayoelea majini, kisha vijidudu, na baada ya wiki mbili au tatu huwa kamba mchanga mwenye urefu wa kama sentimita moja, ambaye huingia mikokoni pamoja na maji yanayojaa.

Mimi hupendelea kwenda siku za bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, wakati maji yanapokupwa. Maji yakijaa, kamba wachanga hutawanyika kati ya mizizi. Yakipwa, hurudi kwenye kingo za kijito, na hapo unaweza kuwaona katika maji yasiyozidi kifundo cha mguu. Usiwatafute penye maji maangavu, kwa sababu kamba huyu hupenda maji ya tope, yanayomficha asionwe na samaki wanaomwinda. Tembea polepole, maana akishtuka hukunja mkia ghafla na kuruka kinyumenyume.

Mweke ndani ya bakuli jeupe lenye maji, umtazame kwa utulivu. Mwili wake unapenya mwanga, pembe ya kichwani ina meno juu na chini, na jozi tatu za kwanza za miguu ya kutembelea zina vikoleo vidogo. Kwa jike mkubwa aliyekwisha kuvuliwa, mwelekeze kwenye mwanga: ukiona mfuo wa kijani mgongoni, hayo ni mayai yaliyokaribia kutagwa.

Ninawasihi pia wanaokwenda kujifunza wasikokote vyandarua vijitoni. Maisha ya kamba huyu kwa kawaida hayazidi miaka miwili, kwa hiyo wachanga wakizolewa leo, au mikoko yao ikikatwa, pengo huonekana mapema mno katika nyavu za baharini.

Mvua za masika zikipunguza chumvi vijitoni, kamba waliokwisha kukua huelekea baharini. Anayetaka kulinganisha wingi wao basi arudi kijito kile kile, katika hali ile ile ya maji, kabla ya masika na baada yake.