Barua kwa mwanangu: kabla hujavuka kwenda Busara

Mwanangu,

Nimesoma ujumbe wako. Unasema jarida la muziki la mtandaoni limekuomba ukaripoti Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar, kwa kujitolea, na unauliza kama ukubali, na ukikubali uanzie wapi.

Kubali, ila kwa masharti yaliyoandikwa. Unachojitolea ni muda na kazi yako. Nauli ya boti na malazi havimo. Mwambie mhariri akuandikie kwenye barua pepe nani analipa boti na chumba, nani atahariri na kwa muda gani, kwamba jina lako litakuwa kwenye kila makala na kila picha, na kwamba picha zinabaki mali yako hata wakishazitumia. Hilo la mwisho ndilo vijana wengi huliruka, halafu siku moja mtu anaikuta picha yake kwenye bango la biashara na hana pa kushika. Kama jarida linaendeshwa kutoka Bara, uliza pia habari ya leseni ya maudhui ya mtandaoni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Afadhali uulize mapema kuliko kuulizwa wewe.

Tamasha huwa Februari, kwa hiyo kuomba kitambulisho cha mwandishi usingoje Januari. Andaa barua ya mhariri, viungo vya kazi zako mbili tatu zilizokwisha kutoka, picha ya pasipoti na kitambulisho chako. Taja wazi kama utapiga picha, maana kwenye matamasha mengi ruhusa ya kuandika na ya kusimama mbele ya jukwaa na kamera ni mbili tofauti. Watu hufika getini na kamera kubwa wakarudishwa nyuma ya uzio pamoja na wenye tiketi.

Mahojiano omba wiki mbili kabla, kupitia meneja wa bendi. Usimvizie msanii akishuka jukwaani: anatoka jasho na ndugu zake wote wanamsubiri. Saa nzuri ni mchana, bendi ikishamaliza kujaribu sauti. Hapo wanamuziki hukaa wanasubiri gari na mara nyingi hawana la kufanya. Mpe kila mmoja daftari lako aandike jina lake mwenyewe na ala anayopiga. Jina likikosewa, msanii hatasambaza makala yako, na ana haki.

Kuhusu ala, kuwa mkali. Si kila fidla ya Unguja ni taarabu. Ukiona ngoma mbili ndogo zinapigwa na mtu mmoja, fidla, vijiti vya mkwasa, cherewa, yaani manyanga ya vifuu vya nazi, na jamaa ameegemea sanduku lenye kijiti na uzi mmoja, hicho ni kidumbaki. Mwangalie huyo wa sanduku: noti anaibadilisha kwa kukivuta au kukilegeza kijiti, mkono wa pili ukidonoa uzi. Sentensi moja ya namna hiyo inamfaa msomaji kuliko aya nzima ya "umati ulilipuka kwa shangwe". Busara wanasisitiza muziki upigwe mubashara, kwa hiyo hata kwenye singeli andika nini kilipigwa pale pale na nini kilitoka kwenye kompyuta.

Picha za usiku Ngome Kongwe, lilipo jukwaa kuu: zima flashi kabisa. Anza na lenzi ya f/2.8, ISO 3200, kasi 1/250. Ukiona mistari ya giza inakatiza picha, ni taa za LED zinapepesa. Shusha kasi hadi 1/100 na ungoje mwanamuziki atulie. Taa ya buluu tupu huufanya uso kuwa doa bapa lisilorekebishika, kwa hiyo subiri nyeupe au ya njano, na piga kwa RAW, faili ghafi la kamera. Matamasha mengi huruhusu nyimbo tatu za mwanzo tu mbele ya jukwaa. Wimbo wa kwanza taa huwa bado zinatafutana. Tegemea wa pili na wa tatu.

Sauti ya mahojiano huharibiwa na upepo. Februari kaskazi bado inavuma, na Forodhani iko wazi kwa bahari. Ingia nyuma ya ukuta, weka simu unayorekodia kwenye hali ya ndege, ishike shubiri moja kutoka mdomoni mwa unayemhoji. Na masikio yako: kwenye desibeli 100, ambazo mbele ya spika ni kawaida, muda salama ni kama dakika 15 tu. Nunua vizibo vya masikio.

Usiku usijaribu kutuma picha ukiwa ndani ya Ngome, mtandao unaelemewa. Rudi chumbani, nakili kadi kwenye sehemu mbili, punguza picha hadi pikseli 2000 upande mrefu, tuma asubuhi.

Bahasha ya "nauli" kutoka kwa meneja usipokee, hata kama jarida halikulipi. Hasa kwa sababu halikulipi.

Na uliza habari za fedha. Tamasha hili lilianza 2004, lakini mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa wafadhili. Waulize waandaaji tiketi zinafidia kiasi gani cha gharama na pengo linazibwa na nani. Waandishi wengi huliona swali hili zito wakaishia kusifu mavazi.

Mhariri akishakujibu, nitumie hayo makubaliano niyasome kabla hujakata tiketi ya boti.

Mama yako