Barua kwa mwanangu aliye Dubai: hao farasi ni wa nani?

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako nimezipata, na swali lako pia. Unasema hapo zizini mmegawanyika. Saisi mwenzako Mmisri anashikilia kwamba farasi wa mbio wote ni wa Waarabu na Waingereza waliwachukua tu wakawapa majina. Naye mkufunzi Mwingereza anacheka, anasema bila Newmarket, mji wao wa mbio za farasi, kusingekuwa na thorobredi hata mmoja, yaani hawa farasi wa mbio wenye nasaba iliyoandikwa. Umeniuliza mimi nani mkweli, kwa kuwa nilikaa miaka pale Ngong, kwenye uwanja wa mbio za farasi, nikichapa orodha za mbio, jina la farasi, la baba yake na la mama yake. Haya, kaa kitako.

Mmisri hajasema uongo. Mfuate thorobredi yeyote kwa upande wa baba, baba wa baba wa baba, na utafika kwa dume mmoja kati ya watatu. Wa kwanza alipandwa na Kapteni Robert Byerley kwenye mapigano ya Boyne, Ireland, mwaka 1690. Huyo walimwita Mturuki. Wa pili alinunuliwa Aleppo, Syria, na mfanyabiashara Thomas Darley, akapelekwa kwao Yorkshire mwaka 1704. Wa tatu alitoka Tunis akapitia Ufaransa, akaishia mikononi mwa mwungwana aliyeitwa Godolphin, akafa mwaka 1753. Darley na Godolphin ni majina unayoyaona kila siku huko, maana Sheikh Mohammed, mtawala wa Dubai, ndiyo aliyoyapa mashamba na mazizi yake. Wote watatu wametoka upande wa jua linakochomoza, lakini si nchi moja wala damu moja, na Waingereza wa siku zile hawakuwa wachaguzi sana wa maneno: farasi wa kule aliitwa Mwarabu au Mturuki kadiri muuzaji alivyosema.

Sasa mwulize Mmisri hivi. Usiku wa Kombe la Dunia la Dubai la mbio za farasi, pale uwanja wa Meydan, kuna mbio za farasi wa Kiarabu watupu, Dubai Kahayla Classic, mita 2,000, sawasawa na mbio kubwa yenyewe. Mbona wametengewa yao? Kwa sababu wakichanganywa na thorobredi wataachwa nyuma mchana kweupe. Mjukuu amemzidi babu kwa mbali. Basi kuna jambo lilitokea katikati, na lilitokea Uingereza.

Mbio za zamani huko zilikuwa za kuchosha roho. Mfalme Charles II alizipenda mno, akaifanya Newmarket kuwa makao yake ya starehe, na mwenyewe alipanda farasi akashindana. Katika mbio za zawadi za mfalme, farasi wa miaka sita alibeba kilo 76 kwa maili nne, yaani zaidi ya kilomita sita. Akimaliza anapumzika nusu saa hivi, kisha anarudia, na huenda akarudia tena, siku ileile. Aliyeachwa nyuma zaidi ya yadi 240 alitolewa. Hapo ndipo farasi walipochujwa. Mshindi alizalishwa, aliyeshindwa alivuta gari.

Mfalme wao katika hao alikuwa Eclipse, aliyezaliwa mwaka 1764 jua lilipopatwa, ndiyo maana ya jina. Wewe uliye saisi hii itakufurahisha: inasimuliwa kwamba babu yake, Squirt, aliugua kwato vibaya hata ikaamriwa apigwe risasi, na aliyemwombea msamaha ni saisi wake. Squirt akamzaa Marske, Marske akamzaa Eclipse. Mwenye Eclipse alipofariki, farasi aliuzwa kwa gini 75 tu, fedha ya Kiingereza ya zamani, kwa mfanyabiashara wa nyama, William Wildman. Alianza kukimbia kwenye uwanja wa Epsom, Uingereza, mwaka 1769, akashinda mara 18, hakushindwa hata siku moja. Leo wataalamu wanakadiria kwamba thorobredi kama 95 kwa kila 100 wanarudi kwa yule dume wa Darley kwa upande wa baba, na wengi mno kati yao kupitia kwa huyuhuyu Eclipse. Fikiria lile neno moja la saisi.

Halafu matajiri wakachoka kusubiri. Kumlisha farasi miaka mitano kabla hajakuingizia senti ni hasara, na farasi mchanga asiyejulikana bado ndiye anayenogesha kamari. Mwaka 1776 wakaanzisha St Leger kule Doncaster, 1779 Oaks ya majike, 1780 Derby, zote za farasi wa miaka mitatu. Derby ya kwanza ilikuwa maili moja tu, na mshindi aliitwa Diomed. Marudio yale ya maili nne yakafifia. Kuanzia hapo aliyetafutwa hakuwa tena farasi mvumilivu. Ni mwenye mbio za ghafla. Mwaka 1791 familia ya Weatherby ikaanza kuchapisha kitabu cha nasaba, na mpaka leo asiyekuwa na wazazi walioandikishwa hahesabiwi kuwa thorobredi, hata awe na kasi ya upepo.

Ila kuna jambo ambalo wote wawili hapo zizini wamelisahau, na ndilo lililokuwa likiniudhi nikiwa kazini. Mbona tunahesabu madume matatu, kana kwamba walizaa wenyewe? Katika vitabu vya mwanzo majike wengi hawana hata jina. Wameandikwa tu jike wa fulani, dada wa fulani. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwaustralia mmoja, Bruce Lowe, aliwafuatilia hao akina mama, akapata koo 43 na kuzipa namba kufuatana na ushindi wa wana wao. Wengi wakamcheka, hasa kwa jinsi alivyotaka kutabiri washindi kwa namba zake, na hapo nakubaliana nao.

Lakini mwaka 2012 watafiti wa Dublin na Cambridge walichunguza ile jeni ya misuli inayompa farasi kasi ya masafa mafupi. Walikuta kwamba iliingia katika thorobredi mara moja tu, yapata miaka 300 iliyopita, na walivyoona wao haikuletwa na madume wa mashariki. Yaelekea ililetwa na jike mmoja wa huko huko Uingereza. Jina lake halimo kitabuni.

Kwa hiyo mwambie Mmisri kwamba mababa ni wa kwao, na mkufunzi kwamba kazi ya kuchuja ni ya kwao. Wakizidi kubishana, waulize mama wa Eclipse ni nani. Spilletta. Baba yake Spilletta alikuwa Regulus, mwana wa yule dume wa Godolphin, hivyo Eclipse alikuwa na damu ya Darley kwa baba na ya Godolphin kwa mama. Naweka dau la sahani ya pilau kwamba hakuna atakayejibu.

Ukipata orodha za mbio za usiku wa Meydan nitumie, na uzipige picha vizuri safari hii, upande wa akina mama uonekane.

Mama yako
Nairobi