Egzame ya CFA imekuangusha tena? Maswali yenu na majibu

Jambo wote. Niliomba maswali ya franga kwa jumla, lakini karibu yote yaliyoingia ni ya egzame moja, CFA, ile ya Chartered Financial Analyst, cheti cha wachambuzi wa franga, yenye nivo tatu, na karibu wote mulioandika mumeanguka angalau mara moja. Basi leo ni zamu ya walioanguka. Wenye walipita mara ya kwanza wakunywe bia yao ya Simba pole pole, tutaonana wiki ingine. Maswali nimeyafupisha na majina nimeyatosha.

Yaya, nimeanguka Nivo 1 mara mbili. Kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, wanasema hii si ya kichwa yangu. Ni egzame ya watu wenye akili ya pekee? (Kijana wa Katuba)

Hapana, mudogo wangu. July 2021 Nivo 1 walipita 22 kwa mia, dunia nzima, na ndani ya wale walioanguka kulikuwa watu wa banki kubwa za London na za New York. Ule ulikuwa mwezi mubaya sana, ndiyo, lakini hata kwa miaka hii ya kawaida wanaopita Nivo 1 hawafikaka nusu. Kwa hiyo kuanguka njo kitu kinachowafikia wengi kule, kupita njo ya wachache, na kwenu Katuba hakuna anayejua hiyo juu wao wanafikiria ni kama egzetat, ile ya kumaliza sekondari.

Miye swali langu ni ingine: kati ya mara ya kwanza na ya pili, ulibadilisha nini? Kama ulisoma vitabu vile vile, saa zile zile za usiku ukiwa umechoka, na egzersisi ukaziacha mpaka wiki ya mwisho, basi ulianguka mara moja tu, ukalipa mara mbili. Nasema hivi bila kukucheka. Karatasi ya matokeo inakuonesha somo kwa somo wapi ulikuwa juu na wapi ulikuwa chini, na watu wengi wanaiangalia mara moja, wanalia, wanaifunga. Ifungue tena.

Halafu nunua kaye (daftari) moja, kila swali unalokosa unaliandika pale, na kando yake unaandika sababu: sikujua, ao nilijua lakini nilisoma vibaya, ao saa iliniishia. Hizi tatu hazina dawa moja. Kama haukujua, rudia kitabu. Kama ulisoma vibaya, kitabu hakitakusaidia hata ukirudilia mara kumi, unapaswa kufanya maswali mengi ukiwa na saa mbele yako. Nimeona watu wanaosoma Fixed Income (somo la bondi) upya kutoka ukurasa wa kwanza na shida yao ilikuwa tu wanajibu mbio mbio.

Wenye egzame wenyewe wanasema masaa 300 kwa nivo. Kwa miezi tano ni masaa mbili kila siku, jumapili ndani, na delestaji (kukatwa umeme) haikuulizi kama uko na egzame. Masaa ya kuangalia video ukiwa umelala kitandani usiyahesabu, hesabu tu yale yenye kalamu iko mkononi.

Nilisoma kontabilite kwa Kifaransa hapa UNILU (Université de Lubumbashi). Kiingereza changu ni cha kununua vitu Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia. Njo sababu naanguka? (Bwana wa Kampemba)

Inawezekana sana, na ni vizuri umesema wazi juu wengi wanaficha. Nivo 1 ni maswali 180, vipande viwili, kila kipande maswali 90 kwa saa mbili na dakika 15. Piga hesabu: dakika moja na nusu kwa swali. Mwenye anageuza kila sentensi kwa Kifaransa kichwani mwake anakula sekunde 30 mbele hata ya kuanza kufikiri, akifika swali la 70 muda umeisha, anaanza kubahatisha. (Kubahatisha si mbaya, iko majibu matatu kwa kila swali na ukikosa hawakutoshi pointi, kwa hiyo usiache hata moja wazi, hata moja!)

Sasa dawa ni kuachana na Kifaransa kabisa kwa ile miezi. Soma kwa Kiingereza, andika kaye yako ya makosa kwa Kiingereza kibaya hivyo hivyo, jielezee kwa Kiswahili kama umekwama. Na kuko kitu cha kijinga kinachoangusha watu wetu: sisi tunaandika franka elfu moja na santimu hamsini 1.000,50 na wao wanaandika 1,000.50. Chini ya presha jicho linadanganyika. Kuanzia leo hata deni la duka uliandike kwa namna yao.

Lakini shida kubwa kwa mukontabli wa hapa, kwa mawazo yangu, haiko luga, ni SYSCOHADA, kanuni za kontabilite za OHADA, ule umoja wa sheria za biashara wa nchi za Afrika. Congo iliingia OHADA mwaka 2012, SYSCOHADA mupya inatumika tangu 2018, na wewe kila siku ku biro uko ndani ya ile, klasi 6 charges (matumizi), klasi 7 produits (mapato), mpaka unaota. Egzame haiulizi ile. Inauliza IFRS (kanuni za kimataifa) na US GAAP (za Wamarekani), na inapenda sana pale zinapoachana: LIFO (kuhesabu kwamba stoki iliyoingia mwisho njo inatoka kwanza) Wamarekani wanaikubali, IFRS inakataa. Pesa ya developpement, IFRS inakuacha uiweke ku aktivi (mali) kama masharti yote yametimia, Wamarekani kwa kawaida wanaipeleka yote ku charges. Ulishusha bei ya mashine kisha bei ikapanda tena? IFRS inakubali urudishe, US GAAP hapana kwa mashine unayoendelea kutumia. Mwenye miaka kumi ya kazi anajibu haraka kwa mazoea ya biro na anakosa, na mwanafunzi asiyejua kazi anapata. Inauma lakini ni vile. Tengeneza karatasi moja ya kolone tatu, SYSCOHADA, IFRS, US GAAP, ubandike ukutani pale unapokula chakula.

Wananiruhusu kuanguka mara ngapi? (Dada wa Bel-Air)

Mara sita kwa kila nivo, na mwaka mumoja hauwezi kuifanya zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo usiandikishwe kwa hasira siku ile ile matokeo yametoka. ACCA, ile ya wakontabli na waoditi, iko tofauti, pale ni egzame 13, unapita na 50 kwa mia, na kila moja unaianguka peke yake bila kupoteza zile ulizopita, isipokuwa zile za nivo ya juu ziko na muda wa miaka saba. Kama kazi yako ni kontabilite na odit kuliko kuweka franga izae, angalia kule pia, pengine unapigana ku mulango usio wako.

Kila mara nimelipa karibu dola elfu moja na bibi yangu amesema ya mwisho ilikuwa ya mwisho. Nifanye nini? (Papa wa komini Kenya)

Papa, kwanza mama iko na haki. Hesabu yako haijaisha hata, juu si andikisho tu: iko tiketi, hoteli, chakula, na kama unafanyia Johannesburg ao Nairobi basi ile elfu moja inazaa nyingine. Mwoneshe hesabu yote, si nusu. Mwanamuke anayejua bei nzima mbele ya safari anakasirika mara moja, yule anayeijua kipande kwa kipande anakasirika kila mwezi.

Pili, usichukue zamu ya likelemba (kuchangiana franga kwa zamu) kulipa egzame ya kurudilia. Ile franga iko na mpango wake na wenzako wanakungojea. Tatu, iko bursi ya wenye egzame inayoitwa Access Scholarship, inapunguza bei sana, lakini unaomba mbele ya kujiandikisha, ukishalipa bei nzima mulango umefungwa. Watu wanaikosa kwa kuharakisha tu.

Na angalia pasipoti. Wanaomba pasipoti ya kusafiria, haijaisha, na jina liwe sawa na lile ulilojiandikisha. Sisi na nom, postnom, prénom yetu, tunaandika mawili leo na matatu kesho. Kurudishwa ku mulango kwa sababu ya postnom, hapana kabisa, bora uanguke ndani.

Hesabu ninajua lakini Ethics (somo la maadili ya kazi) inanipiga kila mara. Si ni akili ya kawaida tu? (Kijana wa Golf)

Njo pale unapoanguka, kufikiri ni akili ya kawaida. Ku Nivo 1 ethics ni 15 mpaka 20 kwa mia, hakuna somo lingine linaloipita, na haiulizi kama wewe ni mutu muzuri, inauliza kama unajua standard yao.

Chukua mfano wa kwetu. Wewe ni analisti, unaandika rapport juu ya kampuni ya migodi, kampuni inasema njoo Kolwezi uone karyeri, tunakulipia yote. Mutu wa hapa anajibu kwa moyo: aa, ni wageni, kukataa ni matusi. Mwingine anayeogopa anajibu: ni rushwa, kataa. Wote wawili wanaweza kukosa. Standard inataka ulinde uhuru wa mawazo yako, kwa hiyo pale kuko barabara na hoteli za kawaida bora biro yako ilipe yenyewe. Lakini kama mugodi uko mbali, ndege ya kawaida haifiki, na wanakubeba na yao, wanakulaza pa kawaida, programu ni kazi tupu, unaweza kukubali. Wakiongeza wikendi ku hoteli ya kando ya maji na familia, hapo umeuza rapport.

Halafu zawadi ya klienti wako mwenyewe haiko sawa na zawadi ya kampuni unayoiandikia. Klienti anayekushukuru kwa kazi, unaweza kupokea lakini unamwambia patron. Soma zile mifano za kitabu chao moja moja, kwa kila moja funika jibu na useme kwa sauti nani alikosa na alipaswa kufanya nini. Inachosha. Inapitisha.

Ku kazi wananiita "étudiant". Mara ingine nifiche siku ya egzame? (Wa Makutano)

Ficha. Mwambie mutu mumoja ku nyumba na shefu anayekupa konje, basi. Siku ukipita watajua wenyewe kwa namna unavyotembea.

Nilipita Nivo 1, Nivo 2 imeniangusha mara tatu, sasa niko na mutoto wa miezi minne. Niendelee ao niache? (Mama wa Ruashi)

Mama, simamisha. Nivo 1 yako haiozi, hakuna tarehe ya kuisha, hata ukirudia mutoto ameanza masomo. Umebaki na mara tatu za Nivo 2 na ile hesabu ndogo usiichezee usiku ambao haulali. Nivo 2 maswali yanakuja kwa hadithi, unasoma ukurasa muzima kisha maswali manne juu yake, kichwa cha mutu asiyelala hakibebi ile. Tena hata charter yenyewe, cheti cha mwisho, inaomba masaa 4.000 ya kazi kwa muda usiopungua miezi 36, kwa hiyo ukiwa ku kazi unayofanya maamuzi ya franga, miaka hii inahesabika hata bila kufungua kitabu. Na kama siku moja utaona Nivo 1 inatosha, patron wako anahitaji tu mutu anayeweza kusoma bilan ya kampuni ya nje, sitakuja kukulaumu.

Kalkuleta gani? (Wengi)

Mbili tu zinaingia: Texas Instruments BA II Plus ao HP 12C, pamoja na ndugu zao za Professional na Platinum. Ya telefone hapana. Ukichukua BA II Plus, weka desimali 4, hakikisha P/Y (malipo kwa mwaka) iko 1, na kama unabadilisha batri mbele ya safari, kagua tena juu zinarudia vile zilitoka kiwandani.