Maswali ya Wasomaji: Mbao za Baraza ya Nje

SWALI: Ndugu mhariri, ninajenga baraza ya mbao nyuma ya nyumba yangu huku Kigamboni, si mbali na bahari, yenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 5, na haitakuwa na paa. Fundi amenishauri nitumie mninga kwa sakafu ya juu kwa sababu unapendeza, na paini ya kawaida isiyotiwa dawa kwa boriti za chini, kwa kuwa hazionekani. Je, ushauri huu ni sahihi?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Ndugu msomaji, ninakuomba usimruhusu fundi aanze kazi kwa mpango huo. Ubao wa sakafu ukioza, hufunguliwa skrubu na kuwekwa mwingine, lakini boriti ikiliwa na mchwa, hulazimika kung'olewa pamoja na kila kilichopigiliwa juu yake. Tena huko chini ndiko kwenye kivuli na unyevu usiokauka upesi, karibu na udongo ambamo mchwa hupita, na paini isiyotiwa dawa haina kinga yake yenyewe dhidi ya mchwa wala kuoza. Kwa hiyo panga fedha zako kuanzia chini, kisha kitakachobaki kitumie kwa urembo wa juu.

Paini yenyewe haina ubaya. Hunyonya dawa vizuri, na ikitiwa dawa kwa shinikizo ndani ya tangi, inafaa kabisa kwa boriti na nguzo fupi. Tatizo ni kwamba mbao iliyopakwa dawa kwa brashi hukingwa ngozini tu, ilhali kwa macho hufanana na ile iliyotiwa dawa kiwandani. Mwombe muuzaji akate ubao mmoja katikati, wala si kwenye ncha, ambako dawa huingia kwa urahisi zaidi, nawe utazame kama rangi ya kijani imezama au imeishia juu juu. Kila mahali fundi atakapokata au kutoboa, papakwe dawa upya kabla ya kufungwa. Na hili ninalisisitiza kwa sababu mabaki ya ujenzi mara nyingi huishia jikoni: mbao za kijani nyingi hutiwa dawa yenye shaba, kromiamu na arseniki, hivyo vipande vyake visichomwe kamwe, kwani moshi na majivu yake ni sumu.

Kwa sakafu ya juu, mninga ungedumu, lakini ni mti wa msitu wa asili unaokua polepole, na kwa maoni yangu ni heri ubaki kwa milango na vitanda. Ningechagua msaji, yaani mtiki, ambao hupandwa katika mashamba ya serikali kama Longuza wilayani Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro. Chagua mbao za sehemu ya ndani ya gogo, zenye rangi ya kahawia, na ukatae zenye ukingo mweupe, kwa maana sehemu hiyo huoza hata katika mti mgumu. Ziwe zimekauka vizuri, na ziachiane nafasi ya takribani milimita 5 ili maji yapite.

Kwa kuwa upepo wa bahari una chumvi, tumia skrubu za chuma cha pua cha daraja la 316. Misumari ya kawaida hushika kutu mapema, na shaba iliyomo katika dawa ya mbao huharakisha kutu hiyo. Nguzo nazo zisizikwe ardhini, bali zisimame juu ya vitako vya zege vilivyoinuka angalau sentimita 15 kutoka kwenye udongo.

SWALI: Nimekata minazi mizee shambani. Je, mbao zake zinafaa kwa baraza ya namna hiyo?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Sehemu ya nje ya shina la mnazi ni ngumu na inapendeza ikipigwa randa, ila ya katikati ni laini na haifai kubeba uzito. Hata ile ngumu haistahimili mvua wala mchwa bila dawa, kwa hiyo itumie mahali penye paa, kama vile sakafu ya ukumbi, na uiepushe na udongo.