Ramani kwa petroli

SWALI: Nimetazama The English Patient mara kadhaa. Almásy anawapa Wajerumani ramani za jangwa ili amfikie mpenzi wake Katharine, aliyeumia pangoni. Dada yangu, aliyesoma riwaya, anasema filamu imemsafisha. Kweli?

JIBU: Dada yako ana hoja. Filamu ya Anthony Minghella (1996) inatupangia huruma mapema: Waingereza wanamkamata Almásy kwa kulitilia shaka jina lake, wanamfunga pingu, na sisi tunajua kuna mtu anamsubiri gizani. Akifika kubadilisha ramani kwa petroli, tumeshamsamehe. Mwenye kulipa deni ni Caravaggio, jasusi wa upande wa Waingereza aliyekatwa vidole gumba na Wajerumani, na mimi humtazama yeye zaidi kuliko wapenzi wale.

Pengo kubwa liko mwishoni. Katika riwaya ya Michael Ondaatje (1992), Kip, Mhindi anayetegua mabomu ya Wajerumani kwa niaba ya Waingereza, anasikia redioni habari za bomu la atomiki la Wamarekani huko Hiroshima. Anamwelekezea bunduki Almásy, ambaye sasa ni mgonjwa kitandani, kisha anaondoka. Ghafla usaliti wa mtu mmoja unapimwa kando ya ule wa mataifa. Filamu imeliacha tukio hilo, ikabaki na mapenzi.

Almásy mwenyewe aliishi kweli: Mhungaria, mvumbuzi wa jangwa. Mwaka 1942 aliwavusha majasusi wawili wa Ujerumani hadi Misri. Hakuna Katharine aliyekuwa akimsubiri pangoni. Alikuwa kazini, akiutumikia ujasusi wa jeshi la Ujerumani. Alifariki 1951 kwa ugonjwa wa kuhara damu.

Sasa kiazime kitabu kwa dada yako.